Majani ya Mapera na Tansio ya Katsuva

Katsuva ni fundi wa viatu hapa Bunia. Ana tansio, ule ugonjwa wa damu kupanda. Kila asubuhi alimeza kidonge chake. Kisha mke wake, Musoki, alimpa kikombe cha maji ya majani ya mapera, halafu akaenda sokoni kuuza unga wa muhogo.

Jirani yao Olivier anafanya kazi ndani ya labo, yaani maabara. Anapima nguvu ya majani ya miti. Siku moja aliomba majani ya Musoki, akamwita aje kuona.

Olivier alimimina maji ya rangi ya zambarau ndani ya kichupa. Akatia matone machache ya maji ya majani. Zambarau ikafifia, ikawa manjano.

"Majani yako iko na nguvu sana, mama," alisema. "Inapita yote yenye nilipima."

Musoki alirudi nyumbani na furaha. "Labo imeonyesha," alimwambia mumewe. "Utakunywa vikombe tatu kwa siku. Vidonge tuache."

Katsuva alikubali upesi.

Wiki ya tatu, kichwa kilianza kumuuma. Jumapili, akivaa kwenda kanisani, alishindwa kufunga shati. Mkono wa kuume ulikuwa mzito. Mdomo ulipinda. Musoki alimpeleka kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, akimshika kwa nyuma asianguke.

Jioni mkono ulipata nguvu tena, mdomo ukanyooka. "Mungu amekuhurumia," alisema Bernadette, muuguzi. "Tansio yako ilikuwa makumi mbili na moja, na haifai kufika kumi na nne."

Olivier alikuja kuwaona. Musoki hakumtazama.

"Weye ndiye ulisema iko na nguvu."

"Nilisema, mama. Lakini sikumaliza kusema. Munisamehe." Akakaa pembeni ya kitanda. "Tunda ya avoka ukiikata na kuiacha, inakuwa je?"

"Inakuwa nyeusi."

"Ni hewa inaiharibu. Hata ndani ya mwili kuna uharibifu wa namna ile. Majani ya mapera iko na vitu vyenye kupigana nao, vinaitwa polifenoli. Zambarau ikififia, tunajua nguvu ya vitu vile. Ni ile tu. Kichupa hakipimi tansio."

"Basi majani ni bure?"

"Sijui, mama. Kichupa hakina tumbo, hakina damu. Kujua kama majani inashusha tansio, lazima kupima watu wengi, muda murefu. Siye hatujafanya ile kazi."

Katsuva alisema polepole, "Kosa si la Musoki peke yake. Mimi nilifurahi kuacha. Kile kidonge kinanipa kizunguzungu."

"Ungekuja kuniambia, baba," Bernadette alisema. "Daktari anaweza kubadilisha dawa. Kuiacha peke yako, hapana. Na kila kitu unakunywa, hata majani, utuambie."

Daktari alimpa kidonge kingine. Kizunguzungu kiliisha. Baada ya miezi miwili, tansio yake ilikuwa kumi na tatu kwa nane, na Katsuva alikuwa anashona viatu tena.

Siku moja sokoni, Charlotte, muuza mboga, alimwomba Musoki majani ya mapera kwa ajili ya mama yake mwenye tansio.

"Mama iko na dawa ya hospitali?" Musoki aliuliza.

"Iko nayo."

"Anaimeza?"

"Aliiacha. Anataka majani tu," Charlotte alisema. Musoki akafunika unga wake, akamshika mkono, wakaenda pamoja kwa Bernadette.