Mwenye Ringi Ndiye Msemaji

Siku ringi ya reli ilipomwaga nyanya za Wakesho, stesheni ya Voi ilikuwa imejaa watu mpaka pa kukanyaga hapakuwapo. Abiria wa Taveta walisubiri gari lao, akina mama wa ndizi wakigombania kivuli, na katikati yao alisimama msichana wa Sagalla mwenye gauni la manjano na viatu vya soli nene alivyoazima kwa rafikiye Jerusha. Kikapu alikuwa amekiweka chini, macho ameyazamisha gazetini. Ulikuwa mwaka wa sabini na nane, na tangazo la kazi alikuwa akilisoma kwa mara ya tatu.

"Dada! Wewe dada wa manjano, rudi nyuma!"

Hakusikia. Gari la mizigo lilikuja bila kusimama. Siku hizo dereva hakuruhusiwa kuingia njia ya mbele mpaka akabidhiwe kipande cha chuma kiitwacho tokeni, kilichofungwa kwenye ringi kubwa ili aidake gari likienda. Akishaidaka, huitupa chini ile aliyokuja nayo. Basi dereva akaitupa, ringi ikadunda, ikabingirika, ikakipiga kikapu dafrau. Nyanya zikatawanyika jukwaa zima.

Kijana wa reli akaja mbio, akapiga magoti, akaanza kuziokota.

"Nilikuita, dada."

"Uliita manjano. Mimi nina jina."

"Basi nipe hilo jina, nisikuite rangi tena."

Wakesho hakukusudia kucheka, lakini kicheko hakina adabu. Kijana huyo aliitwa Wamalwa. Wazazi wake walitoka Bungoma, yeye amekulia papo hapo kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kaki yake ilikuwa imepigwa pasi ikasimama wima, na maneno yake yalikuwa machache, kila moja likija kwa wakati wake. Aliliona gazeti.

"Kampuni ya Katani ya Kirindi," akasema. "Hata mimi nimewaandikia barua."

"Wanataka watu wawili tu."

"Sisi si wawili?"

Mwanamume gani huyo! Wakesho alipanda kwenda Sagalla na nyanya zilizopondeka, na mamake alipouliza zimepatwa na nini, akajibu, "Zimepigwa na gari," na akatabasamu peke yake hadi jikoni.

Barua zikaja. Wote wawili waliitwa, lakini si kwa usaili wa mtu mmoja mmoja. Waombaji wanane wangeketi meza moja, wapewe swali, walijadili kwa dakika ishirini, huku wakubwa wa kampuni wakikaa kando kimya na kalamu zao. Hakuna aliyejua mchezo huo isipokuwa binamu wa Wamalwa aliyekuwa Nairobi, naye akawatumia karatasi yenye mashauri. Usidakie neno la mwenzako. Mtaje kwa jina uliyemsikiliza, kisha ongeza lako. Tazama wenzako, usiwatazame wanaoandika. Akiwepo aliye kimya, mkaribishe aseme, maana hilo lina alama zake. Na ukiweza, wewe ndiye uyakusanye maneno yote mwishoni.

Wakafanya mazoezi kila Jumamosi mchana, nyuma ya tangi la maji la reli, na Jerusha na wenzake wawili wakijifanya waombaji. Tatizo lilikuwa Wakesho. Alikuwa na ulimi mwepesi, mtu akivuta pumzi yeye yumo ndani ya sentensi yake.

"Wewe huongei, wewe unapora!" Jerusha akamwambia.

Jumamosi ya tatu Wamalwa alikuja na ringi kuukuu isiyotumika tena. "Sheria ya reli," akasema. "Mwenye ringi ndiye msemaji. Akimaliza, anampa mwenzake. Usipopewa, huingii njiani, la sivyo ni ajali."

"Na nikifa na neno kifuani?"

"Tutakuzika nalo, mpenzi."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. Jerusha akakohoa kikohozi cha uongo.

Ringi ilimponya Wakesho. Akajifunza kusubiri, kusikiliza, kuikabidhi zamu. Jambo ambalo hawakuliona ni hili, kwamba Wamalwa hakuwa na ugonjwa ule wala hakuhitaji dawa yake. Alikuwa msubiri tangu azaliwe. Dawa hiyo ilimfanya asubiri zaidi.

Tena haikuwa kazi tu. Wamalwa alikuwa amekwisha kuonywa na stesheni masta, Bwana Obadiah, kwamba mwisho wa mwezi angehamishiwa Butere, upande wa pili wa nchi. Akipata kazi ya Kirindi, atabaki Voi. Asipopata, ni kwaheri.

"Tukipata wote, nitamtuma mzee kwa baba yako," alimwambia Wakesho.

"Na usipopata?"

Hakujibu. Alikuwa hajapewa ringi, labda.

Siku ya siku, ukumbi wa kampuni ulinukia katani mbichi. Wanane wakaketi. Mkubwa mmoja wa kampuni akasoma swali: mashine mpya inakuja, itachukua kazi ya watu thelathini, je, kampuni iwafanyie nini watu hao? Akaketi, akanyamaza, kalamu zikainuka.

Donald kutoka Wundanyi, mwenye tai pana kama kitambaa cha meza, aliruka wa kwanza na hakutua. Wakesho alisubiri akimeza mate, akasema, "Bwana Donald amegusa fidia, nami naongeza mafunzo," akatoa hoja yake, akanyamaza vizuri. Akamtazama Wamalwa. Wamalwa alikuwa ameweka mikono mezani, viganja juu. Alikuwa anasubiri. Masikini ya Mungu, alikuwa anasubiri apewe ringi!

Dakika ya kumi ikapita, ya kumi na tano pia. Donald alikuwa amerudi hewani. Wakesho alikuwa na neno la mwisho tayari mdomoni, lile la kukusanya yote, na alijua ni zuri. Donald akashika gilasi ya maji. Ndipo Wakesho alipoingia.

"Bwana Wamalwa hufanya kazi na vibarua kila siku pale stesheni, na hatujamsikia. Tumsikilize."

Mzee mmoja kando akaandika kitu. Wamalwa alishtuka. Uso ukamwiva. "Watu wenyewe waulizwe kwanza," akasema. "Wapo watakaopenda kurudi kulima, wapo watakaotaka kujifunza hiyo mashine. Tunawagawa kabla ya kuwauliza." Akanyamaza. Hakuna kalamu iliyosogea. Donald akaipata nafasi, akakusanya yote kwa sauti kubwa, na muda ukaisha.

Wiki mbili baadaye Wakesho alipata barua ya kuajiriwa. Mwanamke mmoja wa Mwatate akapata nafasi ya pili. Donald hakupata. Wamalwa hakupata.

Wakesho alimkuta Wamalwa nyuma ya tangi, mkono mfukoni.

"Hongera."

"Wamalwa, pole. Nilijaribu—"

"Najua ulichojaribu. Ulinivusha barabara kama kipofu, mbele ya watu. Na kwenye karatasi ya binamu yangu imeandikwa, ukimkaribisha aliye kimya unapata alama. Umezipata. Mimi nimekuwa alama zako."

"Ndivyo unavyonifikiria?"

"Nilimwona mzee yule akiandika uliposema. Si niliposema mimi."

Wakesho alitaka kumdakia, kama zamani, amnyang'anye maneno. Lakini alikuwa amefundishwa kusubiri, na mpaka alipokuwa tayari kujibu, mgongo wa kaki ulikuwa umeshapinda kona ya landhi. Alilia njia nzima. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kuapa. Karatasi ile aliijua kwa moyo. Je, hakuikumbuka hata kidogo alipofungua mdomo?

Siku ya nne kazini alikabidhiwa simu ya ofisi, ile nyeusi ya kuzungusha. Alipoachwa peke yake, akapiga stesheni.

"Voi stesheni."

"Ni mimi."

"Simu hii ni ya magari."

"Basi mimi ni gari, nipokee! Sikia, Wamalwa. Alama nilizijua, sitakudanganya. Lakini neno la mwisho nilikuwa nalo mdomoni, na kulisema kuna alama zaidi. Nililimeza ili wewe useme. Donald akaliokota. Hilo nalo liandike."

Wakesho akasikia kengele ya gari kwa mbali, kisha simu ikakatwa.

"Na uende Butere!" Wakesho akaiambia simu. "Ukaoe ringi!"

Jumapili, wazee walikutana kwao Sagalla. Babake, Mzee Thadeus, aliwaita ndugu zake, Maundu na Gilbert, waamue kama inafaa binti kukaa peke yake katika nyumba ya kampuni. Mama aliketi mlangoni akichambua kunde. Wakesho alikuwa kwenye kigoda, mada ya mkutano wenyewe, na hakuna aliyemuuliza chochote.

"Hodi."

Wamalwa alisimama uani, kaki imejaa vumbi jekundu hadi magotini, maana alikuwa amepanda kilima chote kwa miguu. Alikuwa peke yake. Moyo wa Wakesho ukapiga paa! Kwao mchumba haji peke yake wala hasemi. Hutuma mzee, na mzee hutanguliza kibuyu cha mbangara, pombe ya kienyeji. Anayejitokeza mwenyewe ni kama mtu aliyekuja harusini bila shati.

"Karibu, kijana. Keti, tuna mazungumzo yetu," akasema Mzee Thadeus, na wakaendelea kana kwamba kimeletwa kiti tu. Maundu alisema mjini kuna wahuni. Gilbert alisema afadhali aache kazi, aje afundishe hapa kijijini. Wamalwa aliketi, mikono magotini, viganja juu.

Wakesho akavitazama viganja vile. Ee Mungu, anasubiri tena. Atakaa hapo hadi jua litue, ashuke, apande gari la Butere bila neno. Ulimi ukamwasha. Angeweza kumwita kama siku ile. Akauuma. Mara hii, hapana. Mara hii aingie mwenyewe au asiingie kabisa.

Maundu akanyamaza kidogo ili anywe chai. Wamalwa akaigeuza mikono yake.

"Wazee wangu, naomba kuingia, ingawa sijaitwa."

Vikombe vikasimama hewani.

"Mzee Maundu amesema mjini kuna wahuni, na ni kweli, nimekulia huko. Mzee Gilbert amesema aache kazi. Hapo naomba kutofautiana naye kwa heshima. Kazi ile aliipata kwa haki. Tulikuwa wanane, mimi nilikaa nikisubiri kupewa nafasi, naye akanipa ya kwake. Badala ya asante, nilimtukana. Nilijua nimekosa tangu aliponipigia simu, na aibu ikanifunga mdomo. Nahamishwa Butere keshokutwa. Sina mzee wa kumtuma hapa, baba yangu amesharudi Bungoma, na ningemsubiri ningekuwa nimekwenda. Nampenda binti yenu. Nataka kumwoa, na kazi yake aendelee nayo wakati mimi naomba uhamisho wa kurudi."

Mama alikuwa ameacha kunde.

"Neno moja nimalizie," Wamalwa akasema. "Tumesema wote hapa. Wakesho, ambaye ndiye anayejadiliwa, hatujamsikia. Tumsikilize."

Wakesho akainua kichwa. Macho yote yakamgeukia, ya babake yakiwa ya mwisho.

"Haya, mwanangu," akasema Mzee Thadeus polepole. "Sema."

"Kazi siachi, baba," akasema Wakesho. "Na huyu simwachi."

Gilbert akaguna. Mama akacheka ndani ya kanga. Mzee Thadeus alimkazia Wamalwa macho.

"Utamleta baba yako na mbangara, kama watu wanavyofanya. Hapa hapaolewi kwa hotuba." Akakuna kidevu. "Lakini umesema vizuri."

Wakesho alimsindikiza mpaka kwenye jiwe kubwa, njia inapoanza kuteremka.

"Umewakatiza wazee, wewe mtu wa sheria za reli."

"Sikuwakatiza. Nilimsubiri Mzee Maundu ameze chai."

"Na Butere?"

"Ni mbali," akasema Wamalwa, akaushika mkono wake. "Nitapiga simu ya ofisi kila Ijumaa. Na ukipokea, usingoje nikupe nafasi. Nidakie."