Watu Watatu Kwenye Kibao Kimoja

Mwaka 1975 tuliishi Walukuba, hapa Jinja: mimi, mwanangu Masaba na mkewe Khainza. Asubuhi Khainza alipika uji bila sukari, maana sukari ilikuwa haba. Masaba aliunywa wima huku akitafuta viatu. Kazi yake ilikuwa kusimamia nyumba za watu. Mwenye nyumba akiwa mbali, Masaba ndiye aliyepokea kodi, akatafuta fundi wa bomba, akapatanisha wapangaji. Mpangaji akiugua, alimjulia hali kwanza. Habari za kodi zilingoja.

Siku moja alileta nyumbani karatasi yenye mhuri wa mji.

"Mama, nimepata leseni!"

"Leseni ya nini, mwanangu?"

"Ya nyumba."

Basi, ya nyumba. Khainza alifurahi, nami nikafurahi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Masaba akapigilia kibao mlangoni: MASABA. MPIMA, MSIMAMIZI NA WAKALA WA NYUMBA. ANA LESENI.

Baada ya wiki mbili akaja sajini wa jeshi. Alitaka kutafutiwa nyumba ya kununua Mbale. Masaba alimkumbuka shangazi yake Nambozo, wifi yangu. Nambozo ni mjane. Nyumba yake ilikuwa karibu na viwanda vya Mbale, na hakuwa na mali nyingine. Alitaka kuiuza ahamie kwa binti yake mlimani, anunue kiwanja na kujenga vyumba viwili.

Sajini alikwenda kuiona, akaipenda. Akataja bei yake mwenyewe.

"Sasa wewe pima nyumba," alimwambia Masaba. "Andika hiyo bei, weka sahihi. Jumamosi mimi nakuja kwa yule mama wa Mbale, nachukua karatasi, napeleka benki."

"Ndiyo, afande," alisema Masaba. Nani angesema vingine siku zile?

Jumanne tulipanda basi mimi na yeye hadi Mbale. Nambozo alitupokea kwa matoke, akanipa kiti kimoja kizuri alichokuwa nacho. Masaba alitoa tepu ya fundi.

"Utapimaje nyumba?" Nambozo alicheka. "Utaipandisha kwenye mizani kama gunia la kahawa?"

"Kwa tepu, shangazi."

Akapima ukuta huu, akapima ule. Futi arobaini kwa futi thelathini. Akaandika. Kisha akakaa na penseli yake.

"Haya, imekuwa ngapi?" aliuliza Nambozo.

"Futi arobaini kwa thelathini."

"Hizo ni futi. Mimi nauliza nyumba."

Masaba alikuna kichwa. "Sajini ametaja bei."

"Ni nyingi au ni kidogo?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui? Si wewe ndiye mpima?"

Alitazama tepu kana kwamba itamjibu. Nami nilichanganyikiwa. Kama amepima, mbona hajui?

Jumatano jioni, tukiwa tumerudi Walukuba, jirani yetu Kagoya alikuja na nusu ya mche wa sabuni. "Nimepata mmoja, tugawane," alimwambia Khainza. Kagoya ni karani wa ofisi ya ardhi. Alikuwa amesimama mlangoni anasoma kibao, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Masaba, humu ndani mko wanaume wangapi?"

"Mimi peke yangu, dada."

"Mbona kibao kina watu watatu?"

Masaba hakucheka. Akamweleza yote, habari za sajini na za tepu. Kagoya akaacha kucheka, akaketi.

"Nani alikutuma utafute nyumba?"

"Sajini."

"Basi hapo wewe ni wakala wa sajini. Wakala anakutanisha mnunuzi na muuzaji. Na nyumba za wale walio mbali?"

"Nazitunza."

"Hapo ni msimamizi. Unafuata mapatano yako na mwenye nyumba, yaandikwe. Kazi hizo mbili unazijua. Sasa, nani alikufundisha kusema nyumba ina thamani gani?"

Masaba alinyanyua tepu yake.

"Ni hilo neno kupima linalowachanganya," alisema Kagoya. "Nesi anapima damu, mwenye duka anapima chumvi. Anayepima mipaka ya kiwanja ni mpima ardhi. Anayetafuta thamani ya nyumba ni mthamini. Hiyo ni kazi nyingine kabisa."

"Lakini nina leseni!"

"Ilete. Soma kwa sauti."

Masaba akasoma polepole. Karatasi ilisema anaruhusiwa kufungua ofisi ya biashara mjini. Akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Leseni hii ni ya ofisi," alisema Kagoya. "Haikufanyi mthamini. Mthamini anasoma. Anafanya kazi miaka kadhaa chini ya mthamini aliyeandikishwa. Anafanya mitihani. Akifaulu, bodi inaandika jina lake kwenye daftari na kumpa namba. Hapo ndipo sahihi yake ina nguvu."

"Na nikiweka yangu Jumamosi?"

"Utakuwa umedanganya. Na shangazi yako atauza nyumba kwa bei ambayo hata wewe huijui."

Khainza alishika mdomo. Mwanangu hakutaka kumdanganya mtu. Alichanganya tu mambo, nasi tukamshangilia.

"Nifanye nini, dada?"

"Kesho nakupeleka kwa Bwana Ouma. Yeye yumo kwenye daftari."

Bwana Ouma alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alimsikiliza Masaba mpaka mwisho, hakumkemea. Ijumaa tulikwenda naye Mbale. Akamwambia Nambozo ada yake kabla ya kuanza. "Ada ni hiyo hiyo, thamani ikiwa kubwa au ndogo," alisema. Nambozo akakubali.

Kisha akampa Masaba ncha ya tepu. Walipima, lakini huo ulikuwa mwanzo tu. Bwana Ouma aliomba hati ya kiwanja, akaisoma yote. Akagonga kuta, akapanda ngazi kutazama mabati na mbao za paa. Akauliza maji yanatoka wapi na nyumba ina umri gani. Akatembea mtaani kuuliza nyumba kama hiyo ziliuzwa kwa bei gani mwaka huo. Saa nane alikuwa bado anauliza. Jioni aliandika ripoti, akaweka sahihi na namba yake, akampelekea nakala wakili mmoja wa mjini amtunzie Nambozo.

Thamani ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya sajini.

Tulilala Mbale, na Jumamosi sajini alifika kwa Nambozo na gari la jeshi. "Wapi karatasi?"

Masaba alisimama.

"Afande, nilikosea. Mimi si mthamini. Nikiweka sahihi, karatasi haitakusaidia. Benki itaikataa, na ofisi ya ardhi itauliza."

"Wewe iko na kibao!"

"Nimekitoa, afande. Mthamini ni huyu."

Bwana Ouma alimpa ripoti kwa mikono miwili. Sajini aliisoma muda mrefu, mdomo ukisogea.

"Bei hii kubwa."

"Hii ndiyo thamani yake, bwana," alisema Bwana Ouma. "Nakala moja nimeacha kwa wakili wa mama huyu. Halazimishwi mtu kununua."

Sajini alimtazama Masaba, akamtazama Nambozo, akatema mate uani. Kisha akapanda gari. Mlio wake ukapotea. Nambozo akachukua birika, akauliza: "Nani anataka chai? Ni ya rangi tu."

Mwezi uliofuata Rajab, mwenye duka mtaa huo huo, aliinunua nyumba kwa kufuata ripoti. Nambozo akapata kiwanja mlimani, akajenga vyumba vyake viwili.

Masaba sasa anasimamia nyumba siku tatu kwa wiki. Siku nyingine anamfuata Bwana Ouma, na usiku anasoma. Ripoti zake zinarudi na wino mwekundu, anaandika upya. Mtihani wa kwanza amefaulu. Mingine inamngoja.

Tulipokwenda kumwona Nambozo, aliita majirani. "Njooni mwone! Huyu ndiye mthamini wangu."

"Bado, shangazi," alisema Masaba. "Mimi ni mwanafunzi."

"Basi soma upesi. Binti yangu anataka kujua thamani ya shamba."

"Nitamleta Bwana Ouma."

"Mlete. Na wewe uje umshikie tepu," alisema Nambozo, akamwongezea matoke.