Mikato Mitatu Nyuma ya Picha

Saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, msimamizi wa maonyesho alifunua shuka jeupe lililofunika picha ya katikati. Alitaka kupangusa vumbi tu, lakini akapiga ukelele uliosikika mpaka uani. Picha ilikuwa imekatwa. Mikato mitatu, mmoja juu na miwili pembeni, ilikizunguka kichwa cha bibi kizee aliyechorwa amelala kitandani, na ukumbi ulikuwa ufunguliwe saa nne.

Sakafuni, chini ya picha, kulikuwa na kisu kifupi chenye utepe mwekundu mpinini. Wasanii wote tisa walikijua. Kilikuwa cha Fundi Bati, anayeunda ndege na wanyama kwa makopo yaliyotupwa. Jana yake Fundi huyo alikuwa amefoka mbele ya watu kwamba haya yanaitwa maonyesho ya sanaa za kila namna, lakini ukuta unaotazamana na mlango umepewa picha ya rangi za mafuta, wengine wamesukumiwa pembeni kama vyombo vibovu.

Basi kazi ikaonekana imekwisha. Sajini alifika saa mbili na robo, akatazama kisu, akasikiliza habari za ugomvi, akamtuma askari amlete Fundi Bati kutoka nyumbani kwake. Saa tatu kasoro robo Fundi alikuwa amekwisha kuhojiwa na kutiwa pingu.

Fundi wa fremu, mwanamke wa makamo ambaye wasanii humwita Mama Fremu, aliitwa kwa shughuli nyingine kabisa. Msimamizi alitaka kujua kama picha inaweza kuzibwa kabla ya wageni. Aliingia na sanduku lake la gundi wakati Fundi Bati anapelekwa mlangoni.

"Mama, hebu waambie. Mimi naweza kufanya hivi?"

"Kisu ni chako?"

"Changu."

"Basi sijui, baba," alisema Mama Fremu. Hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Aliiteremsha picha, akaigeuza, akaukagua mgongo wake. Kisha akaita kwa sauti, "Sajini, usimtoe!"

Fundi Bati alikuwa tayari na mguu mmoja nje.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza fremu hii," alisema Mama Fremu. "Kila picha naifunga mgongo kwa karatasi ya kaki. Hii karatasi imechanwa pande tatu. Picha imeteremshwa, ikafunguliwa mgongo, ikakatwa kwa nyuma, ikarudishwa ukutani na kufunikwa shuka. Mwenye hasira za kunyimwa ukuta ana subira hiyo?"

"Hasira zina namna nyingi, mama," alisema sajini.

"Sawa. Lakini tazama, uso haujaguswa hata kwa ukucha. Ukiwa nyuma unaona kitambaa kitupu. Huyu alijuaje uso uko wapi?"

Sajini aliinama kutazama.

Mama Fremu alipitisha kidole chini ya fremu nyeusi, kikatoka na unga mweupe wa chokaa. Alitazama ukumbi mzima. Kuta zote zilikuwa na rangi ya mafuta, isiyochubuka. Chokaa ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kizingiti cha dirisha kubwa. Pale palikuwa na mkwaruzo mpana kama ile fremu, na chembe za rangi ya kahawia zimetapakaa. Alisimamisha picha juu ya kizingiti, mgongo ukimwelekea yeye. Jua likapenya, na umbo la bibi kizee likajitokeza lote kwenye kitambaa, kichwa, mto na shuka.

"Dirisha hili linatazama mawio," alisema. "Jua hupita hapa asubuhi tu. Picha ilitundikwa lini?"

"Jana saa kumi na moja jioni," alijibu msimamizi. "Nikaifunika mwenyewe."

"Na Fundi Bati alitoka saa ngapi?"

Mlinzi alileta daftari la mlangoni. Fundi Bati alitoka saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, na hakuonekana tena mpaka alipoletwa na askari. Kabla ya ule ukelele wa asubuhi walikuwa wameingia watu watatu tu: mtarizi, saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mchoraji wa picha yenyewe, saa moja na dakika tano, na msimamizi, saa moja na nusu.

Sajini aliwaita wote watatu. Pingu hakuzifungua bado. Sajini huyo alikuwa mgumu kukiri kosa kabla hajapata mtu wa kuliziba pengo.

"Kisu kilifikaje pale?" alianza na msimamizi.

"Nilikiazima mimi jana, nikate kamba za mizigo. Nikakisahau."

"Na leo ukamwacha mwenzio avalishwe pingu?"

"Niliona aibu, afande. Nilidhani labda alikirudia, akakitumia yeye."

Fundi Bati alimtazama kwa namna ambayo msimamizi hakupenda.

Zamu ya mchoraji ikafika. Alikuwa kijana wa watu, shati limepigwa pasi mpaka linakatisha tamaa.

"Uliingia ukafanya nini?"

"Nilikwenda chumba cha nyuma kukariri hotuba."

"Hukuifunua picha yako?"

"Hapana."

"Siku ya siku, picha ya mama yako mzazi, ukapita tu? Mtu anaweza kufikiri umeikata mwenyewe, ili kesho jina lako lijae midomoni mwa watu."

"Nimekaa na picha hiyo miaka miwili, afande. Kuitazama bado naogopa. Fikiri unavyotaka."

Jibu hilo halikumsaidia. Sajini aliandika kitu, na watu waliokuwa wakichungulia madirishani wakaanza kunong'onezana.

Mtarizi alikuwa dada yake mkubwa. Vitambaa vyake vya maua vilitundikwa karibu na dirisha, naye alikuwa ameketi chini yake, kapu la nyuzi mapajani.

"Dada, wewe uliingia wa kwanza."

"Nilikuja kumalizia pindo."

"Mdogo wako ulimwona akigusa picha?"

"Hakuigusa," alijibu upesi. "Huyo msimsingizie."

"Una hakika gani?"

"Nilikuwa hapa hapa."

"Basi na aliyeikata ulimwona."

Alikunja uzi kidoleni.

Mama Fremu alikuwa bado ameinamia picha. "Sajini, kisu hukata mara moja, laini. Hapa kila mkato umeanzia kwenye kitundu, halafu kuna vijino, kila baada ya kidole kimoja. Huu ni mkasi, umefunguliwa na kufungwa."

Msimamizi alikimbilia mkasi wa kukatia utepe wa ufunguzi. Ulikuwa ndani ya boksi, plastiki yake haijafunguliwa.

"Na kuna jingine," aliendelea Mama Fremu, safari hii polepole, kwa kuwa sasa alijua na hakufurahi kujua. "Kitambaa cha picha kina nyuzi za wima na za mlazo, kama nguo. Mikato hii imefuata uzi, haikupinda hata mmoja. Mchoraji hajali uzi. Fundi Bati haujui. Aliyezoea nguo, hata akiwa na hasira, mkono wake hauwezi kukata ovyo."

Hakuna aliyemtaja mtarizi. Yeye mwenyewe alitia mkono kapuni, akatoa mkasi, akauweka mezani. Chembe za rangi ya kahawia zilikuwa zimekwama pale vyuma vinapokutana.

"Nilimwogesha mama miaka sita, mpaka alipofariki," alisema. "Nywele zilipokwisha, alinishika mkono, akaniambia nisimwache mtu amwone kichwa wazi. Hata daktari alikuwa akingojeshwa nje mpaka nimfunge kitambaa. Jana jioni naingia, kabla picha haijafunikwa, namkuta yuko ukutani, kichwa wazi, leo aje atazamwe na watu wasiomjua. Nilitaka kumtoa kichwa tu. Nikashindwa kukata huku ananitazama, ndipo nikamgeuza."

Mchoraji alisogea mbele. "Dada, mimi sikujua."

"Hukuuliza. Ulikuja siku tatu, ukakaa na penseli."

"Sikuweza kumtazama bila penseli! Nikiiweka chini nalia. Nilichora ili nibaki chumbani." Akamwonyesha mikono yake. "Wewe ulikuwa unaweza kumshika. Mimi nilikuwa siwezi."

Dada alimtazama, na hasira ya miaka ikaonekana wazi kuwa haijaisha, ila haijui tena pa kukaa.

"Unafungua mashtaka?" sajini alimwuliza mchoraji.

"Hapana. Iteremsheni tu. Haitundikwi tena."

Sajini alifungua pingu bila kumtazama usoni aliyemvalisha. Fundi Bati alijisugua vifundo vya mikono, akaenda kusimama mbele ya mtarizi.

"Dada, nikuulize. Ungeniacha nipelekwe?"

Kila mtu alingoja aseme hapana. Ingekuwa rahisi, na wote wangemwamini.

"Nilikuwa nahesabu hatua zako," alisema. "Nilijiambia, akifika mlangoni nasema. Ukafika mlangoni. Nikajiambia, akitoka nje. Aliyekurudisha ni Mama Fremu, si mimi." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Ningekuacha."

Msimamizi alijipitisha katikati yao, mikono imeinuliwa. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi, na wageni walikuwa wamekwisha kujaa uani pamoja na wasanii wengine. "Tutatangaza kulikuwa na hitilafu ndogo. Nitazungumza nao mimi."

"Wewe kaa," alisema Fundi Bati. "Wale nje wameniona na pingu. Mama yangu yuko nao, amekuja kuona ndege wangu." Akamgeukia mtarizi. "Utakwenda wewe kuwaambia ukweli. Utaanza na mama yangu."

Mtarizi alisimama, akalivuta vizuri gauni lake, akatoka. Kupitia mlango ulioachwa wazi walimwona akipita katikati ya watu, akiuliza mama yake Fundi Bati ni yupi, mpaka mwanamke mmoja mfupi akanyoosha mkono juu.