Nailoni Iliyofukiwa

Kila alasiri Zulaikha alivua sare ya shule na kushuka bondeni, Kyebando, kwenye shamba la mboga la shangazi yake Kaltumi. Matuta yote yalikuwa na matandazo ya kuzuia magugu na kutunza unyevu. Mengine yalifunikwa karatasi ya wanga wa mahindi, ambayo hulimwa pamoja na udongo ikaoza. Mengine yalifunikwa nailoni nyeusi, ambayo haiozi, na baada ya mavuno lazima ing'olewe yote.

Nyanya zilipokwisha, shangazi alimwagiza ang'oe nailoni ya tuta la mwisho. Ilikuwa imeshikwa na mizizi, ikichanika kila alipovuta. Njiani wenzake walikuwa wakicheza na kumwita. Zulaikha akaikatakata kwa jembe, akaifukia, akaenda zake.

Mvua ikanyesha, majani yakaota juu ya tuta lile. Mama Pélagie, jirani yao kutoka Kongo, akaja na mbuzi wake mwenye mimba.

"Mwanangu, naweza kumfunga hapa ale majani? Hakuna nailoni?"

Shangazi alikuwa karibu, akisikia. Zulaikha aliogopa kofi.

"Hamna, mama. Ya tuta hili niliing'oa yote."

Mbuzi akafungwa pale, akayang'oa majani pamoja na mizizi. Haikupita wiki, akaacha kula. Tumbo likamvimba, akalala akikoroma kwa maumivu. Rajab mchinjaji aliitwa kumchinja kabla hajajifia.

Alipopasua tumbo, watoto wa mtaa walikuwa wamejaa. "Kuna kitu humu," alisema.

"Usikiguse," akasema Mama Pélagie. "Avute huyu aliyesema ameing'oa yote."

Zulaikha alimtazama shangazi. Shangazi akatazama kando. Msichana akaingiza mkono katika tumbo lile lenye joto, akavuta. Nailoni nyeusi ikatoka, imejisokota kama kamba, na bado nyingine ikafuata.

"Vuta, bibi shamba!" mmoja wa watoto hao, Mubaraka, alimdhihaki, na wenzake wakacheka.

Kisha Rajab akalaza majanini vitoto viwili vya mbuzi, vimelowa, vimekufa. Hakuna aliyecheka tena.

"Nilikimbia vita mikono mitupu," alisema Mama Pélagie. "Huyu ndiye mali yangu yote hapa. Usiniite mama tena."

Shangazi Kaltumi alikwenda nyumbani akamfungua mbuzi jike ambaye Zulaikha alimlea tangu mdogo, akamkabidhi jirani kamba. Mama Pélagie aliipokea bila shukrani. Zulaikha alilia, lakini hakuna aliyemnyamazisha.

Kisha shangazi akampeleka kwenye tuta. "Bila jembe. Jembe litaikata tena."

Zulaikha akachimbua kwa vidole, kipande baada ya kipande, mpaka kucha zikatoka damu. Alipomaliza, shangazi akapekua udongo wote kwa mkono wake, asipate kitu.

"Ungeniambia umeifukia, ningekuchapa, halafu tungeichimbua pamoja," alisema. "Uvivu wako ulifukia nailoni, Zulaikha. Uongo wako ndio uliomlisha mbuzi. Ukiulizwa kama mahali ni salama, sema kweli hata kama unaogopa. Kofi langu lingepoa kabla ya magharibi. Wale wawili hawatasimama tena."