Meko ya Kapteni wa Uongo

Aliyemwambia Delphia kwanza habari za ngome ya Mlima Tackett alikuwa mama mkwe wake, Oma, siku walipokuwa wakimenya maharage barazani.

"Usimsikilize Verlin na vita vyake," Oma alisema juu ya mumewe, sauti chini. "Pale juu hakuna aliyepigana. Wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini, vijana wa jeshi la Kaskazini walichimba mahandaki majira yote ya baridi, wakapaka magogo rangi nyeusi yaonekane mizinga. Adui hakutokea hata mmoja. Iliyotokea ni surua, ikawafyeka kama majani. Wamelala mteremkoni, kila mmoja na jiwe lake lisilo na jina."

Oma akafa mwaka ule ule, na pakakosekana wa kumzuia mzee.

Verlin hakuwahi kuingia vita vyovyote. Hata hivyo kila kiangazi alivaa sare ya buluu aliyoshonewa na mkewe, akajifunga upanga wa bati, akajiita Kapteni, na kuwasimulia wageni wa mjini mapigano yaliyotoka kichwani mwake. Mtu mzima na ndevu zake!

Mwezi wa tano, bonde zima lilipopanda mlimani Jumapili ya kupamba makaburi, kila ukoo ulifyeka majani na kuweka maua kwa watu wake. Vijana wa Kaskazini hawakuwa na ukoo pale. Verlin akayaona yale mawe bapa, akayang'oa, akajengea meko mpya sebuleni.

"Baba, hayo ni makaburi," Delphia alinong'ona.

"Kaburi lisilo na jina ni jiwe tu, binti. Wewe pika."

Ilianza harufu. Mkate wa mahindi ukatoka jikoni ukinuka blanketi la sufu lililolowa jasho la mgonjwa. Kisha kikohozi, mchana kweupe, kidogo, kama cha mtu anayeziba mdomo. Delphia alimtazama mwanawe mchanga, Silas. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

"Moto unapasua jiwe," Verlin alicheka. "Au siku hizi mawe nayo yana mafua?"

"Moto haujawashwa, Baba."

Wiki haikuisha, Silas akashikwa na homa, na vipele vyekundu vikamtambaa kutoka nyuma ya masikio. Daktari alisema ni surua, akashangaa, maana bondeni hapakuwa na mgonjwa mwingine. Mume wa Delphia, Arvil, alikuwa mbali, kwenye viwanda vya Ohio. Jioni ile Delphia akaketi peke yake na mtoto aliyewaka kama mkaa, na jiwe la chini mekoni likakohoa, la pembeni yake likaitikia, na la juu yake likapokea, kikohozi kikapanda kutoka jiwe hadi jiwe kama watu waliolala safu moja katika chumba kisicho na hewa, hata kilipofika juu kabisa kikashuka, kikavuka sakafu, na Silas, aliyekuwa hajakohoa tangu azaliwe, akakohoa kwa sauti ya mwanamume.

Delphia akamkimbilia jirani, Shangazi Zella, mwanamke anayepuliza vidonda vya moto na kusoma aya mpaka maumivu yatoke. Zella alikuja, akagusa meko, akauondoa mkono upesi.

"Hawa hawakuungua, mwanangu. Hawa wanadai vitanda vyao. Aliyewavunjia ndiye awarudishie, kwa mikono yake, mawe yote, kabla mtoto hajaenda kulala nao."

"Kesho wageni wanakuja!" Verlin alifoka. "Nisimame mbele ya nini, mbele ya shimo? Nyinyi wanawake, niachieni mimi." Akavaa sare, akachomoa upanga wa bati, akaikabili meko. "Kikosi! Kimya! Kapteni wenu anasema!"

Kikaingia kimya. Halafu mawe yakacheka. Kilikuwa kicheko cha vijana, cha wavulana wasiojua hata kunyoa, kikaanza jiwe moja na kuenea meko nzima, kikapanda, kikakatika kwa kikohozi, kikaanza tena, na katikati yake sauti nyembamba ikauliza, "Kapteni? *Wewe?*"

Suruali ya buluu ikalowa mpaka kwenye buti.

Delphia, ambaye hakuwahi kumwinulia mkwewe macho, akamtia mtoto mikononi.

"Haya, Kapteni. Afe ukiwa umemshika, au chukua toroli."

Verlin akachukua toroli. Alipanda na kushuka mlima akilia na kamasi zikimtoka, mpaka meko ikabaki pengo. Silas akatoka jasho, akatafuta titi, akanyonya.

Asubuhi yake, kikohozi kilitoka chumbani kwa Verlin. Delphia akasukuma mlango. Mzee alikuwa kitandani na sare yake, uso umejaa vipele, amekumbatia jiwe moja bapa, lile zuri kuliko yote, alilolificha awaonyeshe wageni. Mdomo ukafunguka. Sauti haikuwa yake.

"Mama, maji. Hatukupigana na mtu. Tulichonga magogo tu, tukafa."

Delphia akamwekea kijana yule aliyesema kinywani mwa mzee jagi la maji. Akamfunika Silas, akambeba, akashika njia ya kwa mama yake. Getini wageni walikuwa wakishuka garini.

"Kapteni yupo?"

"Yupo chumbani," alisema bila kupunguza mwendo. "Simameni dirishani mumsikilize. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusema kweli."