Wino Mpya Juu ya Wino wa Zamani

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kumaliza kazi za shule, Kalamu aliketi mezani na Bibi yake wakisoma kitabu cha jeshi. Jina la Kalamu alipewa na wenzake darasani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na tuseme ukweli, yeye mwenyewe alilipenda kupita kiasi.

Kitabu hicho kilikuwa cha kaka yake Bibi, aliyeingia jeshini akiwa kijana na asirudi tena; kilichorudi ni kitabu hicho tu, jeshi lilimoandika habari zake. Kilikuwa kidogo, chenye jalada la kitambaa, na wino wake ulikuwa umefifia. Mjomba, ambaye ni fundi saa, aliwaazima kioo chake cha kukuzia.

"Andika unachokiona kwenye karatasi nyingine," alimwambia Kalamu. "Usipoona, weka nukta. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu. Walipata kimo cha askari huyo, kisha alama yake ya mwilini: kovu kwenye goti la kushoto. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kovu la bata mzinga hilo! Alimkimbiza kaka yangu, akaanguka kwenye mawe. Kumbe jeshi zima lilijua!"

Ukurasa wa mwisho ndio uliowatoa jasho. Hapo karani wa jeshi alikuwa ameandika kwamba askari alifariki kwa homa, akazikwa katika makaburi ya wanajeshi. Makaburi hayo hayakuwa na majina, yalikuwa na safu na namba tu. Namba ya kaburi ilisomeka, lakini ya safu haikusomeka. Na Bibi alitaka jambo moja tu kabla miguu yake haijamgomea kabisa: kuketi kando ya kaka yake.

Kalamu alikodoa macho mpaka yakamuuma. Alichoka na nukta. Mchana mmoja, Bibi alipojilaza, alichukua kalamu yake mpya akapita juu ya maandishi yale, herufi moja moja. Ukurasa ukapendeza! Kwenye namba ya safu, palipobaki kijistari tu, aliandika saba. Aliona saba imekaa vizuri.

"Bibi, nimeipata safu!"

"Macho yako yabarikiwe, mjukuu wangu," Bibi alisema, akamkumbatia kwa nguvu. Hapo Kalamu angeweza kusema ukweli. Hakusema.

Bibi na Mjomba walisafiri kwa basi kutwa nzima, wakiwa na namba hizo kwenye karatasi ya Kalamu. Bibi alirudi miguu imevimba, lakini uso umetulia.

"Nimemwona kaka," alisema. "Nimeng'oa majani, nimelia, nimempa habari zote za nyumbani. Hata bata mzinga nimemkumbusha."

Usiku ule Kalamu hakupata usingizi, na asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Mjomba, kitabu mkononi.

"Mjomba, ile saba... niliibuni."

Mjomba aliweka kibano chake chini. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mama yangu amelia pale mpaka sauti ikakauka," alisema taratibu. "Lete kitabu."

Aligeuza ukurasa nyuma, akauinamisha chini ya taa. Karani wa zamani alikuwa na mkono mzito, kwa hiyo kalamu yake ilikuwa imekandamiza karatasi mpaka upande wa pili. Ile kalamu mpya ilikuwa laini, haikuacha alama. Mjomba alitazama kwa kioo, akatazama tena.

"Tatu," alisema. "Safu ya tatu. Jioni utamwambia mwenyewe."

Kalamu aliketi miguuni pa Bibi, akasema yote.

"Kwa hiyo nimemsimulia mtu nisiyemjua habari za bata mzinga," Bibi alisema. Alitaka kucheka, akalia.

"Nisamehe, Bibi!"

"Nimekusamehe. Ila miguu hii haifiki tena kule."

Likizo ilipofika, Kalamu alikwenda na Mjomba. Aling'oa majani kwenye kaburi la safu ya tatu, akasimulia habari za nyumbani kama Bibi alivyomtuma. Alijitahidi, lakini alijua kwamba sauti iliyotakiwa pale haikuwa yake. Kisha wakasafisha na lile la safu ya saba, maana Bibi alikuwa ameagiza: "Yule mwingine msimruke. Huenda naye ana dada mahali."

Waliporudi, Bibi alimketisha karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ungeacha nukta, tungeendelea kutafuta. Ulipoweka saba, tukaacha kutafuta, nami nikaimaliza miguu yangu kwenye kaburi la mwingine. Usilolijua, sema hulijui. Hakuna aibu hapo."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, nieleze sasa. Kuna kivuli pale alipolala? Udongo wake ukoje?"

Kalamu alimweleza kila alichokiona. Na Bibi alipouliza kama kuna ndege wanaolia pale, alifikiri kidogo, akajibu, "Hapo sijui, Bibi. Sikusikiliza."