Nilimfundisha Mjukuu Wangu Kunyamaza, Akanyamaza

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka sitini na kitu. Hicho kitu sikijui vizuri, maana mama aliniambia nilizaliwa wakati wa kupalilia wimbi, na wimbi hupaliliwa kila mwaka! Shule niliachia darasa la tatu. Mkiona maneno yamepinda mnisamehe. Mkono huu umezoea jembe na beseni kuliko kalamu.

Kwetu ni Molo, huku Tororo. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walipanda mihogo mpaka mlangoni kwangu, hata nikitoka kwenda chooni naruka matuta... Lakini hiyo ni habari nyingine, nikiianza hatutamaliza. Nikahamia Busia, upande wa Uganda, nikapanga chumba kimoja karibu na njia ya panya.

Watu wa mpakani mnaijua njia hiyo. Kwa asiyeijua, ni kichochoro ambacho sisi akina mama hupitia kwenda Kenya na kurudi bila kuonana na geti kubwa. Tunavusha mayai na maharagwe, tunarudi na sukari na mafuta ya kupikia, juu tumefunika kwa mboga. Ni kosa, najua. Lakini tumbo nalo lina sheria zake.

Binti yangu, nimwite Rozi, anafanya kazi za nyumbani kwa watu huko Nairobi. Aliniletea mtoto wake wa kike akiwa hajafikisha miaka minne. Nimwite Athieno.

Jamani, mtoto huyo, aliyeniita Jaja, yaani bibi, alikuwa na mdomo! "Jaja, kuku analala na viatu?" "Jaja, mvua ikichoka inakaa wapi?" Nilikuwa nikitembea naye njiani nacheka kama mwendawazimu. Tangu nifiwe, nyumba yangu haikuwahi kuwa na kelele tamu namna ile.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika...

Siku moja tulikuwa tunarudi, beseni liko kichwani, mtoto nimemshika mkono. Askari mmoja alikuwa amesimama kwenye kona ya kichochoro. Akainama akamchekea Athieno. "Mrembo, Jaja amebeba nini leo?"

Mtoto akajibu kwa furaha, "Sukuma wiki! Na sukari iko chini!"

Wenzangu waliokuwa nyuma walicheka mpaka wakashika mbavu. "Haya, mama, umejilelea mpelelezi!" Mmoja akasema nimtafutie yunifomu. Askari naye alicheka, lakini sukari yote aliibeba. Mtaji wangu wote ulikuwa ndani ya beseni lile.

Nilifika nyumbani na hasira zangu. Nikakata fimbo ya mpera. Nilimchapa miguuni, nikamchapa mgongoni, naye analia akiuliza, "Jaja, nimefanya nini?" Kweli, alikuwa amefanya nini? Aliulizwa, akajibu ukweli!

Kama ningeishia hapo, labda nisingekuwa naandika leo. Lakini sikuishia hapo. Nilimfundisha. Nilikuwa navaa koti kuukuu la marehemu, najifanya askari. "We mtoto, unaitwa nani?" Akijibu, fimbo. "Unaishi wapi?" Akijibu, fimbo. "Huyu mama ni nani wako?" Akifungua tu mdomo... fimbo! Mwishoni alijifunza. Nikivaa lile koti ananitazama tu, midomo ameibana kama mtu aliyefungwa kwa uzi.

Mnaniona mnyama? Majirani waliniona mlezi hodari! Wenzangu wa njia ya panya walikuja kuniomba siri. "Mtoto wako ana adabu, we mama. Wangu anaropoka kama redio." Nikawaambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Kanisani nako tulisomewa habari za fimbo na mtoto, nikaitikia amina kuliko wote. Mimi mwenyewe baba alinichapa kwa kamba ya ng'ombe, na nikawa mtu. Au nilidhani nimekuwa mtu.

Ni mwalimu wa chekechea peke yake aliyenishtua. Aliniita pembeni, akaniambia mtoto hajibu darasani, hata akiulizwa jina lake anatazama chini. Nikamjibu kwa majivuno, "Huyo amelelewa, mwalimu." Akarudi darasani kwake.

Na maswali ya kuku na mvua nayo yalikwisha. Sikujua ni lini. Mtu huona mvua ikianza, lakini nani hukumbuka tone la mwisho?

Siku ya msiba wangu tulikuwa Busia ya Kenya, siku ya soko. Askari wa soko wakaja ghafla kuwafukuza wanaouza chini. Filimbi, mbio, nyanya zinakanyagwa! Nikanyanyua beseni langu la mayai kichwani kwa mikono miwili, nikakimbia.

Mikono miwili, wasomaji. Mnaelewa? Ili nishike mayai, niliuachia mkono wa mtoto.

Niliposimama, Athieno hakuwepo. Nilirudi, nikazunguka vibanda vyote nikiita mpaka sauti ikakauka. Wenye maduka walinionea huruma, wengine walinifukuza. Polisi sikwenda. Mtu aliyezoea kumkwepa mwenye yunifomu, miguu yake haijui njia ya kituoni. Nilijiambia atarudi mwenyewe, njia anaijua... Nikalala nimeacha mlango wazi.

Na hapa pananiuma kuliko pote. Kesho yake, nikiwa kwa jirani, redio ilitangaza kwamba mtoto wa kike ameokotwa sokoni, ni bubu, mwenye kumjua afike ofisi ya watoto. Nilisikia kwa masikio yangu! Nikasema, "Maskini, bubu wa watu," nikatoka kwenda kumtafuta wangu. Wangu hakuwa bubu. Wangu alikuwa anauliza kama kuku wanalala na viatu!

Zikapita siku, sijui hata nilikula nini. Mwishowe katekista wetu, ambaye naye alilisikia lile tangazo, alinishika mkono, akanivusha geti kubwa mchana kweupe, tukaenda hiyo ofisi. Kumbe yule bubu ndiye yeye. Alikaa kwenye benchi na gauni la kuazimwa. Walikuwa wamemwuliza kwa Kiswahili, Kisamia, Kijaluo, Kiteso. Hakutoa hata neno.

Nilipiga kelele za furaha. Yeye alinitazama, kisha akawatazama askari wawili wenye yunifomu waliosimama mlangoni, midomo ikabana.

Yule mama ofisa alikuwa mpole. Akachuchumaa mbele yake, akaniita shosho, ndivyo Wakenya wanavyomwita nyanya. "Mtoto, unamjua shosho huyu?"

Kimya.

"Athieno, sema!" nikamwambia. "Waambie mimi nani!"

Kimya. Machozi yanamtiririka, lakini mdomo haufunguki. Alikuwa ananitii, wasomaji! Alikuwa anafanya sawasawa kama nilivyomfundisha! Nikainua mikono kumsihi, kuomba tu, kama mtu anavyomwomba Mungu... na mtoto akajifunika kichwa kwa mikono yake miwili, akajikunja kwenye benchi.

Ofisi nzima iliona. Katekista akatazama dirishani.

Yule ofisa akasimama taratibu. "Shosho, huyu mtoto siwezi kukupa. Mpigie mama yake."

Rozi alisafiri usiku kucha. Athieno alipomwona, alimrukia, akaweka mdomo sikioni kwake, akaanza kunong'ona. Alinong'ona muda mrefu. Nilisimama mlangoni nikiona uso wa binti yangu unabadilika. Kisha akamfunua gauni, akatazama alama za miguuni.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Mama, mimi ulinichapa nikanyamaza. Nilidhani uzee umekulainisha." Wakapanda gari la Nairobi siku ile ile. Mtoto hakugeuka nyuma.

Sasa nakaa peke yangu. Njia ya panya nimeiacha, nauza mkaa hapa hapa mlangoni. Jioni napika sima ya kumtosha mtu mmoja na bado inabaki. Wenzangu wakipita wananisalimu haraka haraka. Walewale waliokuwa wakiniomba siri! Kuna siku nzima hupita sijasikia sauti inayoniita jina.

Rozi ana moyo, hunipigia Jumapili. Humpa mtoto simu. Mimi huuliza, "Athieno, umekula? Umekwenda shule?" Nasikia pumzi tu. Jumapili iliyopita nilisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu waondoke, lakini hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anamwuliza mama yake kwa sauti ya chini:

"Mama, nikimjibu Jaja nitachapwa?"

Wazazi wenzangu, na nyinyi akina nyanya mnaolea wajukuu, nawasihi. Msiniambie sisi tulichapwa tukapona. Nani alitupima? Fimbo haichagui la kufukuza. Unaitumia kufukuza neno moja usilolipenda, nayo inafukuza yote, hata lile ambalo siku moja mtoto atalihitaji ili arudi nyumbani. Kama mtoto wako anaropoka, mshukuru Mungu. Kama amenyamaza ghafla, usijisifu kama mimi. Chuchumaa umwulize, na akikujibu, mkono wako ukae chini.

Leo ni Jumapili. Simu iko chaji kwa jirani, nikimaliza hapa naenda kuichukua. Leo sitamwuliza kitu. Nitamweleza habari za kuku jinsi walivyolala, na yeye anyamaze tu, akitaka.